Ibrahimu wa Majani Makavu

Muntendam,
15 Oktoba

Kwako dada yangu Geesje,

Natumaini barua hii itakukuta mzima, na goti lako limeacha kubishana na ngazi. Shemeji Kees naye hajambo? Mwambie wimbo wa siku ya kuzaliwa alioniimbia kwenye simu ulitisha kuliko kitabu changu chochote. Mimi sijambo. Nakula, nalala, paa halivuji.

Utashangaa nakuandikia ilhali Jumapili tuliongea. Kwa simu ungenikatiza, nami ningekuacha unikatize. Barua haikatizwi. Tena inabidi ikufikie kabla hujapanda treni Jumamosi.

Nianze na habari za kazi, maana hizo ni nyepesi. Tuko katika Wiki ya Vitabu vya Watoto, na ndiyo msimu wangu wa mavuno. Wananizungusha shule kwa shule, kisha mwaka mzima wananisahau. Alhamisi nilikuwa Stadskanaal. Mwalimu alinikaribisha kwa kahawa na biskuti moja, akafunika kopo. Watoto sitini wakaketi sakafuni wakauliza yale yale: mikono ile inayotoka kwenye bomba la bafuni katika kitabu changu niliiona wapi, na je, nimewahi kuua mtu. Nikasema bado. Binti mmoja mwenye waya kwenye meno akataka kujua naogopa nini. Miaka yote najibu buibui, wanacheka tunaendelea. Huyu hakucheka. Alisema, “Acha uongo, bwana. Buibui hata mama yangu anawashika kwa mkono.” Mwalimu akaona haya. Mimi nikafungua kitabu nikawasomea mpaka wakanyamaza.

Unakumbuka nilivyoanza, kule kiwanda cha unga wa viazi, nikiandika nyuma ya karatasi za zamu na wenzangu wakiniita Profesa wa Viazi. Hakuna aliyenifundisha. Nilikuwa natazama watu tu: nani anaacha sentensi katikati, nani anashika kitasa cha mlango kwa muda mrefu kuliko inavyohitajika. Ukishajua mtu anaogopa nini nyumbani kwake mwenyewe, zimwi unaweza kuliongeza baadaye. Vitabu ishirini na vitatu nimevipata kwa njia hiyo.

Sasa ile picha ya sanamu niliyokutumia. Ulinipigia umefurahi, ukasema, “Ibrahimu wako kapendeza jamani, Marleen ana mikono ya kazi. Mpe wifi yangu busu.” Nikasema nitampa.

Geesje, sina wa kumpa. Marleen aliondoka mwezi wa Machi. Anaishi Assen, kwenye ghorofa lenye lifti. Hakuna mwanamume mwingine. Angekuwepo, ningekuwa na kisa chepesi cha kusimulia. Siku ile tulikuwa tukigombana jikoni juu ya nani aliyepanga vyombo ovyo kwenye mashine ya kuoshea, yeye analia, mara akanyamaza katikati ya neno. Akanitazama akasema, “Hata sasa unaandika, Harmen. Humo kichwani unaniandika.” Nikakana. Lakini ni kweli. Nilikuwa nimekwisha kuona vizuri jinsi alivyokishika kikombe kwa vidole viwili, na kikombe hicho kimo kwenye ukurasa wa sitini wa kitabu kinachotoka mwakani. Akasema amechoka kuishi na mtu anayemtazama kama anatazama nje ya dirisha la treni. Kwa hiyo kwenye kadi ya Pasaka, na ile niliyomtumia Kees, sahihi ya Marleen ni mkono wangu. Herufi ya M ndiyo ilinitesa.

Na Ibrahimu ni wangu pia. Unajua huku: mwanamume akifikisha miaka hamsini, kama mimi sasa, lazima akute sanamu la mzee Ibrahimu wa Biblia limeketi mbele ya nyumba, na wa kupanga mambo hayo na majirani ni mke. Wiki nzima nilisikiliza kama kuna anayenong’ona au anayeficha kitu bandani. Hakuna. Majirani wanajua kilichotokea. Hawajui waniingie kwa mlango upi. Nami nilijua utaomba picha. Basi Jumapili, watu wakiwa kanisani, nilijaza majani makavu kwenye ovaroli yangu ya kiwandani, nikachora uso kwenye foronya, nikambeba kifuani hadi bustanini. Viumbe vya kutisha nimevitengeneza maisha yangu yote bila taabu. Huyu nilitaka aonekane ametengenezwa na mtu anayenipenda, na hapo mikono ilinishinda.

Nilisahau kwamba mama Roelie wa nyumba ya pili haendi kanisani tangu avunjike nyonga, na pazia lake halijafungwa tangu mumewe afariki. Alikuwa ameona yote. Akaja na kigari chake cha kutembelea, akasimama akamkagua mgeni wangu. “Harmen, mwenzako kakaa kama mlevi. Ataanguka kabla hawajamaliza sala. Mshike kiuno.” Nikamshika, yeye akamfunga kwenye kiti kwa mshipi wa koti lake. Wala hakuniuliza swali. Alipokuwa anaondoka akasema, “Dada yako anajua?” Nikamwambia dada yangu anakuja Jumamosi. Akasema, “Sijauliza anakuja lini.”

Ndiyo maana naandika. Najua ulivyompenda Marleen, na najua nimekudanganya miezi saba, wewe ambaye ndiwe niliyebaki naye. Ukiamua kutokuja nitaelewa, ila sitaki ujifanye ni goti. Ukija, njoo na hasira yako yote. Nitapanga viti vitatu, chako, changu na cha mama Roelie. Nimemwalika, akasema ataangalia ratiba yake, kana kwamba anayo. Nakuomba jambo moja tu. Usinipe pole mlangoni. Nipe hongera kwanza, na mabusu matatu ya mashavuni kama kila mwaka, tukae, uniulize chochote unachotaka. Daftari langu la kuandikia nitaliacha ghorofani.

Msalimie sana Kees. Salamu hizi ni zangu peke yangu.

Ni mimi mdogo wako,
Harmen