Mbio ya Kumutoa Émilienne mu Shimo

Siku ya pili ya juma, tarehe 5 mwezi wa pili, 2013

Émilienne iko hai! Naandika ile kwanza, ingine yote itafuata.

Nimefika Kibua leo. Sidonie, muke wa marehemu kaka yangu, amenipa chumba ya nyuma, kwenye mbuzi yake inalala. Mbuzi ananuka. Mimi pia nanuka. Tutazoeana.

Mutoto wangu iko mu shimo, nyuma ya kambi ya Komanda Archange. Wameifunika na mbao. Walimukamata pa soko ya Ntoto na chumvi yake, wakasema anapelekea adui. Adui gani! Ile chumvi ilikuwa ya maharagi yetu kule Nyamitaba. Binti yake Myriam bado ananyonya. Nilimuacha kwa jirani akilia mpaka sauti ikakatika.

Sidonie anasema Komanda hamutoi muntu kwa kuombwa. Aliona mu video wazungu wanaogelea, wanapanda baiskeli, wanakimbia, yote siku moja bila kupumzika. Inaitwa triatlo. Ikamupendeza. Sasa kila siku ya posho, njo Jumamosi, anafanya ya kwake: unavuka mutoni, unasukuma chukudu ya mbao, unabeba mufuko mpaka kambini. Kila jamaa yenye muntu mu shimo inatoa muntu moja wa kukimbia. Wa kwanza anaenda na muntu wake. Wengine wanangoja posho ingine. Ile iliyopita, wa mwisho alipigwa mpaka akajiharia.

Nilienda ku bariere, kizuizi ya askari, nikasema nataka kukimbia. Askari akacheka kuona bibi muzee. "Koko, rudi nyumbani, upike sombe ya muhogo." Nikamuuliza: kama mama yako angekuwa mu shimo, ungemutuma nani, ile bunduki? Akanipiga kofi. Kofi ya mutoto asiyeshiba. Nikabaki nimesimama. Akaandika jina yangu.

Joto! Nilizaliwa huku, lakini tangu niolewe kule milimani mwili umesahau. Kule asubuhi tunaota moto. Huku hata kivuli inachoma.

Siku ya ine, tarehe 7

Nimeogelea. Mutoni haikunisahau! Mikono ilijua yenyewe. Wamama wenye kufua walisimama kuangalia koko na matiti yake majini. Waangalie. Yamenyonyesha watoto saba.

Chukudu njo shida. Ile pikipiki ya mbao, yenye kusukumwa na muguu moja, ni mambo ya wanaume wa kwetu. Sijaona mwanamuke juu yake. Nilipanda, nikaanguka. Nikapanda, nikaanguka juu ya goti, mufupa ukachungulia kidogo, mweupe. Watoto wanaimba: "Koko ndege! Koko ndege!"

Muntu moja akaja kunisimamisha. Lévi. Muchuuzi wa Butembo, iko na duka pa Ntoto. Muke wake Adelaïde iko mu shimo ile ile. Yeye pia atakimbia posho. Na hili joto, amevaa koti ya ngozi, imefungwa mpaka shingoni, na boneti ya sufu, kofia ya baridi! Nikamuuliza kama anaenda kuoa. Akasema huku chini malaria inaingia kupitia kifua, baba yake alimufundisha hivyo: ukishuka ku inchi ya joto, ufunike kifua na kichwa. Tena mufanyabiashara hatembei mbele ya watu bila koti.

"Mama, hii haiko jembe," aliniambia. "Usiigombeze. Inama, acha iende."

Nikainama. Ikaenda! Mpaka ku mugomba wa Sidonie.

Tulikula muhogo pamoja, yeye na mimi. Ni muntu mwema, anasema sala mbele ya kila kitu, hata mbele ya karanga. Hatukusema kama ni moja tu atashinda.

Siku ya tano, tarehe 8

Nilisogea ku kambi na kuni kichwani, kama ninauza. Niliita polepole. Sauti ikatoka chini ya mbao: "Mama? Rudi! Watakuua!"

Nikamujibu afunge mudomo, tangu lini yeye ananituma.

Askari akapiga mbao na kitako ya bunduki, paa, paa, kwenye sauti ilitoka. Nikaondoka. Kuni niliiacha pale.

Siku ya posho, tarehe 9

Nimemutoa.

Ingine nitaandika. Kesho.

Siku ya Yenga, tarehe 10

Sikuenda misa. Émilienne amelala juu ya mukeka, mbuzi iko inje. Naandika yote, sababu nikibaki nayo mu kichwa itanipasua.

Tulipangwa ku mutoni tangu asubuhi, juu ya mawe. Komanda alikuwa amelala. Jua ikapanda. Hakuna kivuli, hakuna kutoka mu mustari. Muzee moja alienda kukojoa pembeni, wakamupiga fimbo za mugongo mpaka shati ikaingia mu nyama. Mawe ikaanza kuchoma nyayo. Tulikuwa tunabadilisha muguu kama kuku.

Nilimuambia Lévi: toa hiyo koti, baba. Akatabasamu, jasho inaanguka ku kidevu. "Mama, nimezoea." Amezoea nini! Butembo iko na baridi ya kufanya watu wavae soksi mu kitanda.

Komanda akaja juu ya pikipiki wakati jua ilikuwa katikati ya kichwa. Redio, miwani, bia. Akafyatua risasi juu. Njo tukaanza.

Maji ilikuwa baraka. Wanaume walishikilia vigogo vya mugomba, mimi nilienda na mikono yangu. Katikati, muntu akanishika kitenge, ananivuta chini. Jina yake Munyakazi, mukulima wa kwetu Masisi, alikuja kwa ajili ya kijana wake. Hajui kuogelea, kigogo ilimutoroka. Nilimeza maji. Nilimuuma mukono mpaka nikasikia mufupa. Akaachilia. Akashika kigogo ya mwingine. Damu yake ilibaki mu meno yangu, ya chumvi. Nikatoka mutoni wa kwanza!

Chukudu. Wakapakia mufuko wa muchanga juu yake. Barabara imekauka, matope imekuwa mawe. Wanaume wakanipita, moja, mwingine. Lévi akanipita akiinama vizuri, koti inang'aa, akaniita: "Usiigombeze, Mama!" Upepo ulikuwa wa moto, kama ukifungua chungu. Vumbi mu mapua. Goti yangu ilifunguka tena, damu ikakauka kabla ya kufika chini.

Munyakazi, naye na mukono wake wenye kuvimba, akaacha chukudu yake, akaingia mu shamba ya muhogo ili akate njia. Komanda alisimamisha pikipiki. Hakukasirika hata. Akamuomba askari bunduki, kama vile unaomba kibiriti. Majani ya muhogo ikatikisika, kisha ikatulia. Hakuna hata moja wetu alisimama. Mimi pia sikusimama. Nilimuuma siku ile ile, na sasa amelala mu muhogo.

Kisha mifuko. Kutoa mufuko ku chukudu, kuubeba kwa miguu, kupanda mpaka kambini. Wanaume wakaweka juu ya bega, juu ya kichwa. Wajinga. Muchanga unateleza, shingo inapinda, mikono inafungwa. Mimi nilitoa kamba yangu ya maganda ya mugomba, nikafunga mufuko mu mugongo, kamba ku paji. Hivyo njo wanawake wa kwetu tunapandisha viazi milima yote ile. Unainama, uzito unakaa ku mifupa, mikono iko huru. Nikaanza kuwapita. Moja alikuwa analia. Mwingine alikuwa amekaa tu chini, askari wanamuchapa fimbo ku masikio, naye hata hafungi macho.

Hapa joto ikaniingia. Jasho iliisha. Ngozi ilikauka, kisha nikasikia baridi! Baridi mu jua ile, nywele za mikono zimesimama kama kule Nyamitaba wakati wa umande. Masikio ikanguruma kama mashini ya kusaga unga. Barabara ikawa njano, ikawa nyeupe. Nilikuwa naona Myriam amekaa katikati ya njia, anataka ziwa. Nikamuambia: toka, koko anapita. Nilikuwa na kichupa ya maji mu kiuno. Nikainywa nusu, ingine nikaacha kwa mwisho.

Mbele yangu kulibaki muntu moja. Koti.

Alikuwa anaenda huku na huku, kama mulevi. Mufuko ukaanguka. Akaurudisha. Ukaanguka. Akapiga magoti, akalala ubavu. Nilipofika, macho yake ilikuwa nyekundu, midomo na povu. Alinijua.

"Mama. Maji."

Hakusema ingine. Kichupa ilikuwa hapa, ku kiuno, anaiona. Nyuma kulikuwa kijana wa Ntoto anakuja, nilisikia pumzi yake. Kufungua kichupa, kumuinua kichwa, kumufungua koti. Ningesimama, nisingeanza tena, miguu nilikuwa naijua.

Niliruka miguu yake. Nikaenda.

Kambini watu walipiga makofi. Komanda akanipa bia, akasema Koko ni championi, wanaume wote wavae vitenge. Nilisema: mutoto wangu. Akasema kunywa kwanza. Nikainywa yote bila kupumua, nikamurudishia chupa. Mutoto wangu.

Wakainua mbao. Akatoka kwa mikono na magoti, macho imefungwa sababu ya mwangaza. Mwepesi kama maganda ya maharagi. Vidonda ku visigino. Nilimubeba na kamba ile ile.

Ku bariere tukapishana na chukudu. Walikuwa wanamuleta Lévi juu yake, mukono moja unaburura chini. Bado alikuwa moto, nilimugusa. Moto kama sufuria. Alikufa kabla ya jua kushuka.

Koti njo ilimuua. Nilimuambia aitoe. Kila muntu alinisikia nikimuambia.

Siku ya kwanza, tarehe 11

Émilienne amekunywa uji, akatapika, akakunywa tena. Maziwa yake bado inatoka kidogo! Anakamulia mu majani. Myriam atanyonya.

Sidonie anasema tuondoke leo, Komanda anabadilika kama tumbo ya kuhara. Nimefunga vitu.

Émilienne anaongea sasa. Nilitaka aongee. Ningejua! Anasema mvua iliponyesha, shimo ilijaa mpaka kifua, naye alikuwa na homa, hawezi kusimama. Adelaïde alimushika kichwa juu ya maji usiku muzima, anabadilisha mukono, anamuambia habari za bwana yake: vile anavyoombea karanga.

Kisha akaniuliza: "Mama, Lévi alikimbia? Ulimuona?"

Nikasema nilimuona. Nikasema jua ilimuua. Nikasema koti.

Akalia. Halafu akasema hatutoki Kibua kabla ya kumuambia Adelaïde. Hawezi kuacha yule mwanamuke aambiwe na askari, na kicheko. Nilimugombeza. Nikamutaja Myriam. Nilimuinulia mukono, mimi, mutoto niliyemutoa juzi! Hakuinama. Alinitazama tu na kile kichwa yake ngumu. Ni yangu, ile kichwa.

Siku ya pili, tarehe 12

Émilienne alienda kambini asubuhi. Sigara za Sidonie ziliwafunga askari mudomo na masikio. Wakamuacha apige magoti pa mbao.

Mimi nilibaki huku nasaga mahindi. Nilisaga ile iliyokwisha kusagwa.

Amerudi sasa hivi, magoti na udongo. Anasema Adelaïde hakupiga kelele. Kisha akauliza swali moja: nani alimuona mwisho? Émilienne akajibu kwa furaha, mutoto mujinga huyu, kwa furaha kabisa: "Ni mama yangu! Alikuwa nyuma yake karibu."

Adelaïde anataka nije. Anataka kusikia ku mudomo wangu neno ya mwisho ya bwana yake. Hata kama ni moja, amesema. Hata kama ni jina ya mbuzi.

Ningeweza kusema aliita jina yake. Nani atanikatalia? Aliyesikia ni mimi na jua. Ni neno moja tu, nitalisema, tutaondoka, kesho Myriam atanyonya. Naandika hapa mara mbili nione vile inakaa: aliita Adelaïde. Aliita Adelaïde.

Haikai.

Askari amefika ku mulango, yule wa kofi. Anaita, "Koko championi, harakisha, mbao haitabaki wazi mpaka kesho!" Émilienne ananishikilia mukono anisimamishe. Anasema, Mama, usiogope, ni wewe tu uko na kitu ya kumupa. Naenda na neno ile moja: maji.