Nywila Ninayoogopa Kuibadilisha

Shangazi, shikamoo. Najua utanigombeza ila naomba unisikilize kwanza, mimi nina miaka thelathini na mbili, nakaa Moshono na nauza vitambaa dukani kwa dada mmoja anaitwa Zeenat, na mchumba wangu Abdiel alikwenda Doha kazini miaka mitatu iliyopita, nikamwachia nywila ya barua pepe yangu ili atume maombi ya kazi huko kwa jina langu na mimi nimfuate, nywila yenyewe ni jina analoniita yeye peke yake na tarehe aliyoleta posa kwetu. Sasa ni mwezi wa kumi na moja hanipigii wala hajibu, lakini Shangazi, kila baada ya wiki mbili tatu napata taarifa kwamba kuna mtu ameingia kwenye akaunti yangu, na siku hiyo nauza vitambaa huku naimba, maana najua ni yeye amekuja kuniangalia. Nimeanza hata kumwandikia barua bila kuzituma, naziacha kwenye rasimu azikute, nimemweleza mambo ambayo sijamwambia hata mama. Mwezi uliopita taarifa ilisema ameingia kutoka mji ambao hata kuutamka siwezi, nikajiambia labda amehamishwa kazi. Zeenat ananiambia, "Aikande, badilisha hiyo nywila leo, usicheze." Nimeshindwa. Nikiibadilisha nitakuwa nimemfungia mlango, na nimemkumbuka mpaka naumwa. Nifanyeje?

Aikande, Moshono

Marahaba, Aikande. Pole, mwanangu, na naisema kwa moyo wote, maana kumkumbuka mtu si kosa. Kosa ni kuacha mlango wazi halafu kila anayeingia unamwita Abdiel. Taarifa ile ilitaja mji tu, jina umeliweka wewe. Huenda nywila yako aliiacha kwenye simu ambayo alishaiuza, na sasa siri za moyo wako anazisoma mtu usiyemjua, tena humo humo, kwa ajili ya yale maombi ya kazi, kuna vyeti vyako na namba ya kitambulisho. Akitaka kujifanya Aikande atashindwa na nini? Na kama kweli ni Abdiel, miezi kumi na moja anachungulia bila salamu, basi akufukuzaye hakwambii toka.

Leo, kabla hamjafunga duka, badilisha nywila. Weka maneno manne yasiyomhusu mtu yeyote uliyempenda. Washa uthibitisho wa hatua mbili ili namba ya kuingilia ije kwenye simu yako, kisha ondoa simu na kompyuta zote zilizowahi kuingia kwenye akaunti. Zile barua zinakili kwenye daftari, halafu uzifute. Zeenat akae karibu mpaka umalize, ila nywila mpya usimwambie hata yeye.

Utalia, na ulie tu. Lakini hujamfungia mtu mlango. Namba yako ya simu ni ile ile, Abdiel anayo, na kuipiga hakuhitaji nywila.