Picha ya Kupima Mwanga

3 Machi

Shangazi,

Shikamoo. Leo ni Jumapili, tarehe tatu, na nimejiapiza kukueleza kila kitu, hata yale ambayo mama ameniambia niyaruke. Natumaini u mzima. Sisi hapa hatujambo, isipokuwa baba. Mapafu yake yamekwisha. Daktari anazilaumu dawa za kusafishia filamu.

Hunijui. Mimi ni binti wa kaka yako, nina miaka kumi na sita. Mpaka mwezi uliopita sikujua kama nina shangazi.

Baba ni mpiga picha wa mitindo, lakini hampaki mtu poda wala hawashi taa. Humpiga picha mshonaji akiwa ndani ya gauni jipya, mkanda wa kupimia ukiwa bado shingoni, kwa mwanga wa dirishani, jasho na makunyanzi yakiwa palepale. Majarida humsifu kuwa hadanganyi. Sasa mchapishaji mmoja anataka kutoa kitabu cha picha zake, na kwenye jalada anataka ile ya mwanamke wa gauni la kijivu ngazini, mwenye kovu la moto shingoni. Baba alikataa. "Mwenye shingo hajasema ndiyo," alisema, akageukia ukutani. Nyuma ya picha nilikuta ameandika: dada.

Anwani yako alikuwa nayo mama. Shangazi, utakubali? Hatuna kingine cha kumkumbukia.

Binti wa kaka yako


19 Machi

Mwanangu,

Marahaba. Barua yako imenikuta na afya. Mwandiko wako mzuri. Aliyekufundisha nampa hongera.

Kovu ni la pasi, tulipokuwa watoto, na katika hilo kaka yangu hana kosa. Kosa ni la siku ile ngazini. Nilikuwa nimejifunga skafu shingoni. Akasema, "Dada, hebu itoe kidogo, nipime mwanga tu." Nikaitoa, nikakaa nikiwaza mambo yangu. Akabofya mara moja. Kisha nikajifunga tena, nikasimama wima, akapiga nyingine thelathini. Iliyotoka kwenye jarida ni ile ya kupima mwanga.

Mchumba wangu, ambaye hakuwahi kuiona shingo yangu, aliiona kwenye kibanda cha magazeti. Sikumwona tena. Ofisini walinipokea kwa kelele: "Pasi hiyoo, imeingia!" Nilipomlilia kaka yangu, alinijibu, "Lakini umetoka vizuri, dada." Ni miaka ishirini na miwili sasa, sijaongea naye.

Jibu langu ni hapana. Muuguze vizuri.

Shangazi yako


31 Machi

Shangazi,

Shikamoo. Nashukuru kusikia una afya. Nimemsomea baba barua yako yote, hata pale panapouma. Alikisukuma kikombe cha chai pembeni. Kisha akasema, "Kweli tupu. Nilimwibia."

Halafu akaniambia jambo ambalo hata mama halijui. Picha zake zote zilizosifiwa ni za kupima mwanga. Baada ya yako aliona ndiyo njia. Mtu akiambiwa bado hatujaanza, uso wake unatulia. Hapo ndipo anapobofya, halafu anamaliza filamu nzima kumridhisha tu. Hakuna hata mmoja aliyeulizwa.

Sikujua nimtazame vipi. Shuleni niliwahi kuandika insha juu yake, "Mtu Asiyedanganya", nikapata alama za juu kuliko wote.

Jana aliomba kamera. "Kaa hapo dirishani, nipime mwanga."

"Baba, ujanja huo nishaujua!"

Alicheka mpaka akakohoa damu. "Haya, bibi mkubwa, nakuomba rasmi. Jiandae." Nikaweka kola sawa, nikatabasamu. Akapiga mbili, akashusha kamera kifuani kupumzika.

Anakuomba msamaha. Anasema usipomjibu, ataelewa. Lakini mimi nakusihi umjibu, na upesi.

Binti wa kaka yako


21 Aprili

Shangazi,

Shikamoo. Natumaini u mzima. Barua kutoka kwako haikufika, na baba alifariki tarehe tisa, asubuhi, mama akimnywesha maji kwa kijiko. Sikulaumu.

Ndani ya bahasha hii kuna filamu ya picha yako. Nakala zote za hapa nyumbani nimezichana. Uifanye utakavyo.

Filamu yake ya mwisho niliisafisha mwenyewe, kwenye chumba chake cha giza, kama alivyonifundisha. Nilitegemea picha mbili. Zilikuwa tatu. Ya tatu aliipiga kamera ikiwa kifuani, nami nikidhani tumemaliza. Tabasamu limekwisha kuniondoka. Namtazama baba kama mtu anavyoitazama maiti, na yeye, akiwa hai, aliniona.

Mchapishaji aliikuta mezani, akasahau alichokuwa akisema. Anataka iwe jalada badala ya yako. Nimemwambia wale wengine waliomo kwenye picha za kitabu nao watafutwe, waulizwe mmoja mmoja. Amekuna kichwa, lakini ameandika. Mama analia, anasema nikubali, jina la baba lisizikwe naye.

Atarudi mwisho wa mwezi kuchukua jibu. Mimi angalau nimeulizwa. Ila wewe ndiye unayejua kesho yake inakuwaje, watu wakishakuona hivyo. Tafadhali nijibu kwa posta ya kwanza: ungekuwa mimi, ungekubali?

Binti wa kaka yako