Kipande cha Shingo ya Baba

Dada yangu mpendwa Zuhura,

Shikamoo, dada. Namwomba mumeo akusomee barua hii mkiwa wawili tu, maana nimeweka ndani yake jambo nililokunyima kwa miaka sita. Sisi huku Kihanga ni wazima. Duka la baba lingali wazi, mke wangu ndiye anayeuza chumvi na kaniki, nami nipo bado kwa Bwana Daktari, nikimsaidia kupima wagonjwa.

Nakumbuka ulivyokuwa ukinizuia mlangoni nilipoanza kazi ile. Ulininusa mikono, ukasema sipiti mpaka ninawe. Siku moja baba akauliza kutoka mkekani, "Tangu lini mwanangu ananuka pombe ya rubisi?" Nikamweleza kwamba ni spiriti ya kulowekea vipande vya nyama za wagonjwa, wala hainyweki. Akafikiri kidogo, akasema, "Basi nawa mpaka viwikoni, uje tuswali." Ulicheka hadi ukakaa chini.

Kisha shingo ya baba ikavimba. Akakonda, akawa anasinzia mchana dukani huku mteja amesimama mbele yake. Wewe ulimpikia ndizi laini na mchuzi wa maziwa, ukamlisha kwa mkono wako. Daktari alimchoma sindano shingoni mara mbili akayatazama maji yake, asione kitu. Lakini hakuridhika. Alisema mdudu wa malale hujificha.

Baba akafariki alfajiri ya Ijumaa. Asubuhi ileile Daktari akaniita pembeni ya ua. Alikuwa amemwona Mwajuma, binti yako, naye ana uvimbe mdogo chini ya sikio.

"Kama ni malale," akaniambia, "dada yako na watoto wake wote wawili wataenda kambi ya malale huko mtoni."

"Na kama siyo?"

"Bado sijui. Nipe kipande cha shingo ya mzee, nitajua."

Dada, niliijua kambi ile. Niliwapelekea maji watu waliodungwa dawa hata wakapoteza macho. Mwajuma alikuwa na miaka kumi na miwili. Ningeweza kuja jikoni kukuuliza, na ulikuwa hatua ishirini tu kutoka nilipokuwa. Sikuja. Niliogopa utakataa, na ungekataa nisingekuwa na nguvu ya kukupinga.

Tulimwosha baba mimi na Mzee Kibwana, rafiki yake wa tangu Tabora. Tulipofika shingoni nilitoa kisu kidogo, nikakata kipande kama punje ya haragwe, nikashona pale kwa uzi mweupe. Mzee Kibwana aliniangalia. Akaendelea kumimina maji. Tukamvika sanda, tukamzika, na nilipokuwa nikipokea pole za watu kile kipande kilikuwa kwenye kichupa mfukoni mwangu.

Sikumwachia Daktari kazi ile. Niliifanya mwenyewe, siku tano. Kwanza nilikiweka katika dawa kali ya kukizuia kisioze. Kisha katika spiriti hafifu, kisha kali, kisha kali zaidi, ili maji yatoke taratibu nyama isikunjamane. Baada yake mafuta ya mwerezi, halafu nta iliyoyeyushwa. Nta ya Ulaya ilikuwa karibu kwisha, nikaongeza kidogo nta ya nyuki wa Igurwa. Nilikaa karibu na jiko la makaa nikiupima moto wa sufuria kwa kiganja, maana nta ikizidi moto nyama huungua, na hapakuwa na kipande kingine. Hapakuwa na baba mwingine.

Ilipoganda nilikata kwa wembe wa mashine vipande vyembamba kuliko ganda la kitunguu. Viwili vya kwanza vilichanika. Nikaunoa wembe upya. Cha tatu kilikuja kizima. Nikakiweka kielee kwenye maji vuguvugu, nikakipokea kwa kioo, nikakitia rangi.

Daktari alitazama kwa hadubini muda mrefu. Mwisho akaniashiria kwa kidole nami nitazame. Niliona vidonda vidogo vya mviringo, vimejipanga kama viota. "Si malale," akasema. "Ni ugonjwa wa kifua, umekaa shingoni. Dada yako abaki nyumbani. Mtoto anywe maziwa, akae juani."

Nta iliyobaki na vile vyembamba vyote niliviomba, nikavifukia pembeni ya kaburi la baba, nikamwombea.

Lakini nilipofika nyumbani Mzee Kibwana alikuwa amekwisha kukuambia. Ulisimama katikati ya chumba, Mwajuma ameshika nguo yako.

"Ulimkata baba?"

"Ndiyo."

"Kwa ruhusa ya nani?"

"Yangu."

"Umemkata kama mbuzi, Athumani."

Ningeweza kukujibu. Nikamwangalia yule mtoto na shingo yake, nikaona nikisema, ataishi akijua babu yake alikatwa kwa ajili yake. Nikanyamaza. Kesho yake ukawachukua watoto, ukaondoka na msafara wa Tabora kwa mumeo.

Sasa nimesikia Mwajuma ni mzima na amejifungua salama. Yeye ni mtu mzima, na wewe ndiye utakayeamua kumwambia au kutomwambia. Mimi sikuandiki ili useme nilifanya vema. Kukata nisingeacha hata leo. Kutokukuuliza ndiko kunakonisumbua, kwa kuwa alikuwa baba yako pia, nawe ndiwe uliyemlisha.

Mwezi uliopita Daktari alinituma Rugera, nikaombe kipande kwa mama aliyefiwa na mumewe. Nilimweleza kila kitu, kipande ni kikubwa kiasi gani, kitafanywa nini, kitazikwa wapi. Akasikiliza mpaka mwisho. Akasema, "Hapana, mwanangu. Aende mzima."

Nikamshukuru, nikashika jembe nikawasaidia kuchimba kaburi. Niliporudi mikono mitupu Daktari alikasirika, nami nikamwacha akasirike.

Usiponijibu nitaelewa, dada. Mungu akutunze wewe na wote walio chini ya dari yako.

Ni mimi mdogo wako,
Athumani