Jina la Kupandia Ngazi

Devon, 3 Machi

Dada Tamsin,

Hujambo huko Bristol? Miguu ya mama inaendeleaje? Mimi mzima, mvua tu ndiyo haikatiki.

Leo wakili wa ile kampuni ya mapaa ya plastiki kaniletea barua. Eti nifute jina letu, HELLIER, kwenye gari langu la kazi, jina ni lao, uliwauzia wewe baba alipofariki. Dada, jina linauzwaje kama kondoo? Niambie ni uongo.

Mdogo wako,
Denzil

Bristol, 10 Machi

Mdogo wangu Denzil,

Barua nimeipata. Mama anakusalimu, siku hizi anakula vizuri.

Si uongo. Niliuza biashara ya baba pamoja na jina, ndipo mama akapata pa kutunzwa. Ulikuwa mtoto bado, hata kuongea na wateja ulikuwa huwezi. Usinune. Utaendelea kuitwa Hellier, ila kwenye kazi usiliandike. Andika la ukoo wa mama, Yeo. Paa halisomi jina.

Dada yako,
Tamsin

Devon, 2 Aprili

Dada,

Nashukuru kama mama anakula. Mimi chakula hakipiti, kwa hasira.

Hellier, kwa Kiingereza cha kale cha huku, ni mfunika mapaa. Mababu waliitwa hivyo kwa kazi ya mikono yao, ndipo jina likatushukia sisi. Kazi ilitangulia! Sasa wameniachia jina la kulia chakula, wamechukua la kupandia ngazi.

Na sikia. Bi Pascoe wa hapa kijijini aliwapigia simu hao wa plastiki: "Nileteeni Hellier, paa langu la mabua linavuja." Wakampelekea kijana.

"Bibi, tung'oe takataka hizi, tuweke plastiki."

"We mtoto wa nani?"

"Mimi Hellier. Si unaona, imeandikwa kwenye shati."

"Basi kalifue!"

Akaja kunichukua mimi.

Jana niko juu ya paa lake, yule kijana karudi na bosi wake, kijana anapiga picha za ushahidi. Majirani wote nje.

"Wewe huko juu!" bosi akaniita. "Unafanya kazi kwa jina gani?"

Unanijua, dada. Hata nyimbo za kanisani nachezesha midomo tu. Yeo ilishafika kwenye ulimi. Nikaliangalia lile shati.

"Hellier," nikasema.

"Nani? Sikusikii!"

Nikalirudia kwa ukelele hadi kunguru wakaruka.

Wamenishtaki, kesi ni mwezi ujao. Wakiniuliza tena, nitajibu hilohilo.

Mdogo wako,
Denzil Hellier, mwezekaji