Ngazi za Bi Häberle

Esslingen, 9 Machi

Dada Nakijwa,

Kwa heshima na taadhima nakutangazia, wewe na ukoo mzima wa Hoza, kwamba leo ndugu yenu amefagia ngazi kumi na nane bila kukosolewa.

Hujambo lakini? Presha je? Mimi mzima, goti tu linanung'unika.

Usicheke. Jengo letu kila nyumba ina wiki yake ya kufagia. Kibao kikitundikwa kwenye kitasa chako, zamu imefika. Ukimaliza unakitundika kwa jirani. Mwaka mzima Bi Häberle wa ghorofa ya juu amekuwa akipitisha kidole kwenye kona zangu na kusema, "Bwana Hoza, hapa umepapasa tu." Leo alikipitisha, akakitazama, akasema, "Inatosha." Kwa watu wa huku Ujerumani hivyo ni vigelegele.

Jumamosi nilipanda treni mpaka Ufaransa, nikanunua mkate, nikarudi. Mpakani hakuna hata aliyenigeukia. Nusu ya mkate nilimpelekea Bi Häberle. Aliuliza kwa nini.

Mdogo wako,
Hoza

Korogwe, 2 Aprili

Mdogo wangu,

Nimeipata barua. Presha imetulia, mahindi yameota. Goti lipake mafuta ya moto.

Wanao wamecheka mpaka chai ikawapalia. Wewe, ambaye ufagio ukitajwa ulikuwa unakimbilia chooni!

Sasa niambie. Barua yenyewe fupi, na huyo mama yumo kila kona. Ana mume? Wifi yangu amelala kaburini miaka sita sasa, wala hakukuachia sharti lolote. Usinifiche, mimi ndiye niliyekulea.

Dada yako,
Nakijwa

Esslingen, 20 Aprili

Dada,

Shikamoo. Mimi mwili mzima, ila naumwa aibu.

Ni mjane, ndiyo. Lakini nimeharibu. Alikwenda mji wa Ulm kumuuguza dada yake, na kibao kikabaki kwenye kitasa chake. Nikafanya ambalo ungefanya wewe: nikamfagilia, nikapiga deki mpaka mlango wa nje. Amerudi, hanisalimii. Jirani wa chini ndiye aliyenifungua macho: "Umemtangazia jengo zima kwamba zamu imemshinda. Wiki ilikuwa haijaisha!" Alikuwa amepanga kurudi Jumamosi asubuhi afagie mwenyewe.

Tukikutana anatazama ukuta. Na mimi nilifagia tu kwa kuwa palikuwa na vumbi.

Mdogo wako,
Hoza

Korogwe, 3 Juni

Hoza,

U hai? Wiki sita kimya. Sisi huku wazima, roho tu ndizo ziko juu.

Vumbi! Tangu lini wewe ukaliona vumbi? Nenda kamwambie kilichokupeleka. Akikufukuza, angalau akufukuze kwa jambo la kweli.

Dada yako

Esslingen, 16 Juni

Dada yangu,

Natumaini hujambo, na wanangu pia. Sikiliza, leo sipambi.

Wiki zote hizo nilikuwa nikipita ngazini kwa kunyata nisikutane naye. Barua yako ilipofika nikavaa shati jeupe, nikagonga. Akafungua mlango kidogo.

"Wiki yangu ni wiki yangu, Bwana Hoza."

"Najua. Nilikosa."

Akanipima juu mpaka chini. "Jumapili, saa tisa na nusu. Nitaoka keki."

Nilifika saa tisa na robo, nikasimama nje mpaka itimie. Hotuba nilikuwa nimeikariri. Nilipokaa ikapotea yote. Nikaeleza namna ya kukaanga vitunguu, nusu saa nzima. Akaweka kikombe chini.

"Umekuja kunifundisha vitunguu?"

"Hapana."

"Basi?"

Nikamwambia sikufagia kwa sababu ya vumbi. Alipokuwa Ulm sikusikia hatua zake juu ya dari yangu, nikashindwa kukaa ndani, nikashika ufagio ili nipate sababu ya kuwa karibu na mlango wake. Ndivyo ilivyokuwa. Hata wewe nilikudanganya.

Huku mwenyeji hakuongezei chakula kabla ya kukuuliza kama unataka. Yeye alichukua kisu, akakata kipande kingine, akakiweka kwenye sahani yangu bila kuuliza.

Mdogo wako,
Hoza