Marehemu Haachwi Peke Yake

Jumatatu, 1 Desemba

Ikinga na kurudi. Mbolea kwenda, maharage kurudi. Mvua tangu asubuhi. Kwenye mteremko wa darajani udongo mwekundu umekuwa sabuni. Nikatia fowili, magurudumu yote manne yavute, gia ya kwanza ile ya nguvu, mguu mbali na breki, injini yenyewe ilishike gari. Abiria mmoja, mchuuzi wa Tunduma, akanicheka. Eti gari lina fowili, natambaa nini? Watu hawaelewi. Fowili inasaidia kwenda. Kusimama haisaidii kitu. Ukikanyaga breki pale matairi yanafunga, na tairi lililofunga halisikii usukani. Nimechoka kueleza. Iko siku nitampa mmoja ateremshe mwenyewe.

Mke wangu Atupele bado yuko hospitali, anamuuguza mama yake. Nyumba imepoa. Nimekula kiporo.

Jumatano, 3 Desemba

Mama mkwe hali mbaya. Nilisimama mlangoni mwa wodi, ndani sikuingia. Tangu nimwoe Atupele sijawahi kukaa chumba kimoja na mama yake tukiwa wawili. Ndiyo mila tuliyoikuta. Akisikia sauti yangu uani anajifunika kanga na kupita upande wa pili. Lakini viazi vyake nimekula, na kila nikiondoka Ikinga nakuta ndizi zimeshapakiwa garini. Alinipenda kwa mbali. Leo nilimsalimu kutoka pale mlangoni, akainua kidole.

Ijumaa, 5 Desemba

Amefariki asubuhi. Atupele hakulia mbele yangu. Alifua kanga za mama yake, akazianika, akazikunja zikiwa bado mbichi.

Kaka yake mkubwa, Ambakisye, amepiga simu. Mazishi kesho Ikinga, gari ni langu. Hakuuliza, ametangaza. Sawa. Ukweni mtu hutumwa.

Wingu la huko Ikinga silipendi. Naogopa ule mteremko. Naandika hapa kwa kuwa hakuna wa kumwambia.

Jumapili, 7 Desemba

Jana sikuandika. Mkono ulikataa.

Tulitoka hapa Mlowo mapema. Jeneza katikati, waombolezaji pande zote mbili, wanaimba. Tulipokaribia Ikinga ikashuka mvua ya mawe ambayo sijapata kuiona. Tulisimama mpaka ikaisha. Kufika juu ya mteremko, barabara yote nyeupe. Barafu juu ya udongo. Nilishuka nijaribu kwa miguu, nikaanguka kama mtu aliyekanyaga mahindi yaliyomwagika sakafuni.

Nikasema tusubiri iyeyuke. Ambakisye akasema mchungaji na watu wako kaburini, na wingu jingine linakuja. Nikasema basi washuke wote, nitateremsha gari peke yangu.

“Marehemu haachwi peke yake,” akasema.

“Nitakuwa naye mimi, kaka.”

“Wewe ni mkwe, shemeji. Utabakije peke yako na mama mkwe wako?”

Wazee wakaitikia. Gari langu, usukani wangu, nikanyamaza, maana mkwe haamrishi ukweni. Wengine wakashuka. Ambakisye akakaa mbele na mimi. Atupele akabaki nyuma, mkono juu ya jeneza.

“Twende tu, Baba Neema,” akasema. “Nakuamini.”

Tulishuka vizuri. Hilo nataka liandikwe. Nusu ya mteremko tulishuka vizuri, mwendo wa kinyonga. Kisha mkia wa gari ukaanza kwenda kushoto. Kidogo tu. Nikageuza usukani kulekule unakokwenda, nikaongeza mafuta kidogo. Ulikuwa unarudi. Ningeapa mbele ya yeyote, ulikuwa unarudi. Ambakisye akapiga kelele, akavuta handbreki.

Matairi ya nyuma yakafunga. Gari likaenda ubavuubavu, halina mwenyewe, mpaka likagonga ukingo. Jeneza likakata kamba, likambana Atupele kwenye bodi la gari.

Mama mkwe walimzika. Mimi sikuwepo. Nilikuwa kwenye pikapu ya mtu, kichwa cha mke wangu kwenye mapaja yangu, tunarudi hospitali.

Jumanne, 9 Desemba

Wanasema ameumia ndani. Anaongea kidogo kidogo. Ameuliza kama mama alizikwa vizuri. Kisha akasema na yeye siku yake ikifika akalazwe palepale Ikinga, karibu naye. Nikamkemea. Akacheka, kucheka kukamuuma.

Akaniomba nisimchukie kaka yake. Namchukia. Alikuja mchana na machungwa, akaniambia alidhani anasaidia. Ni kweli alidhani. Sikumpa mkono. Machungwa nimewapa wagonjwa wengine.

Na mimi nilikuwa na mdomo. Heshima gani ile, ya kumheshimu aliyekufa nikashindwa kumlinda aliye hai? Hili linanila kuliko handbreki.

Alhamisi, 11 Desemba

Atupele hayupo.

Ijumaa, 12 Desemba

Neema amefika kutoka chuoni. Amekonda. Amefagia nyumba yote bila kuambiwa, kama mama yake.

Ndugu zangu wamenuna. Mke huzikwa kwa mumewe, wanasema, tutaonekanaje. Nimewaambia atazikwa Ikinga kwa sababu alisema mwenyewe. Kaka yangu akataka kujua nitampitishaje tena pale. Akasema tukodi gari jingine, dereva mwingine. Nimekataa kwa sauti ambayo sikujua ninayo. Fundi amenyoosha bodi. Taa moja bado imekufa. Nimeosha gari mwenyewe.

Jumamosi, 13 Desemba

Mvua ilinyesha jana kutwa. Mteremko umelowa, unang'aa. Nilisimamisha gari juu. Kabla sijafungua mdomo Ambakisye alikuwa ameshashuka. Hakunitazama. Wazee wakamfuata, mmoja mmoja, kina mama wakakusanya kanga zao.

Neema alibaki. Mkono juu ya jeneza, vilevile alivyokaa mama yake. Nikamwambia shuka. Akasema mama atabaki peke yake. Nikamwambia niko naye.

Akashuka.

Ambakisye alivua viatu, akatangulia kwa miguu pembeni ya barabara, akinionyesha kwa mkono mahali penye changarawe. Nilipafuata. Bado sijamsamehe, lakini nilipafuata.

Gia ya kwanza. Mguu mbali na breki. Mahali palepale mkia ukacheza, nikauacha, ukarudi wenyewe. Muda wote nilikuwa naongea na Atupele, mambo ya kawaida. Bati la jikoni linavuja. Neema amekonda, inabidi ale. Mama yako sasa ataniona bila kujifunika kanga, nikasema, maana leo nafika mpaka kaburini, miguuni pake.

Tukafika darajani. Nikazima injini, nikakaa naye hapo, tukawasubiri wengine wateremke kwa miguu.